Taa za Kambini na Namna Zinavyogawana Umeme



Msimu wa karafuu ukifika, kazi haiishi jua likitua. Karafuu zilizochumwa mchana hazifai kulala katika rundo, kwani huvuta joto na kuharibika. Yapasa zichambuliwe usiku huo huo ili asubuhi zianikwe. Kazi hii yataka mwanga, maana karafuu zikichambuliwa gizani hubaki na makonyo, na makonyo hushusha daraja. Tangu mwaka 2010, ulipofika Pemba umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, imekuwa rahisi zaidi kuweka taa makambini. Basi na tujue taa hizo zagawana umeme vipi.

Ziko njia mbili za kuunga taa. Ya kwanza ni mfululizo: waya huingia taa ya kwanza, hutoka ukaingia ya pili, kisha hurudi. Ya pili ni sambamba: kila taa ina waya zake mbili, zilizoungwa katika waya mkuu.

Umeme wa majumbani una msukumo wa volti 230. Chukua taa mbili za uzi, kila moja ya wati 60, uziunge kwa mfululizo. Kila taa hupata volti 115. Mtu atadhani basi kila moja itatoa wati 30. Sivyo. Msukumo ukipungua, na umeme unaopita hupungua pia. Kwa hesabu kila taa hupata wati 15, yaani robo tu. Kwa kweli huzidi kidogo, kwa kuwa uzi usiopata moto sana hauzuii umeme sana. Tena moja ikiungua, zote mbili huzimika.

La ajabu zaidi ni hili. Unga taa ya wati 40 na ya wati 100 kwa mfululizo: ndogo itang'aa na kubwa itafifia! Sababu yake ni kuwa umeme unaopita ni ule ule mmoja, na uzi wa taa ndogo huzuia zaidi, kwa hiyo huchukua sehemu kubwa ya volti.

Katika sambamba kila taa hupata volti 230 kamili, na ikiungua moja nyingine huendelea. Hii ndiyo njia ifaayo kambini. Lakini tuangalie: kila taa inayoongezwa huongeza umeme katika waya mkuu. Taa tano za wati 60 ni wati 300, kiasi cha ampea 1.3. Ongeza birika la umeme la wati 2,000, jumla yafika ampea 10. Waya mwembamba uliokusudiwa taa tu hupata moto, na chini yake pana majamvi na makonyo makavu.

Taa za LED hupunguza mzigo huo, kwani ya wati 9 hutoa mwanga karibu sawa na ya uzi ya wati 60. Hizo nazo ziungwe sambamba.

Kabla ya mchumo kuanza, kila mwenye kambi na amwite fundi akague waya. Na fyuzi ikikatika, isibadilishwe kwa kipande cha waya. Fyuzi ni mlinzi. Ukimwondoa, umeuacha mlango wazi kwa moto.