Mifereji Iliyofichika Katika Sanamu Kubwa ya Buddha

Huko Leshan, katika jimbo la Sichuan nchini China, mahali ikutanapo mito Min, Dadu na Qingyi, pana jabali jekundu ambalo ndani yake ilichongwa sanamu ya Buddha aketiye, mikono yake magotini. Kimo chake ni mita 71, yaani yapata jengo la ghorofa ishirini. Kazi hiyo ilianzishwa na mtawa Haitong mwaka 713, kwa nia ya kuwaombea salama mabaharia walioangamia katika mikondo mikali ya mito hiyo. Ilikamilika mwaka 803, yeye akiwa amekwisha kufariki.

Wageni huteremka ngazi zilizo ubavuni mwa jabali, wakastaajabia ukubwa wa sanamu, kisha wakaenda zao. Lakini mwanafunzi wa sayansi hana budi kuuliza: jiwe laini namna hii limewezaje kustahimili mvua za zaidi ya miaka 1,200?

Jiwe hilo limefanyika kwa chembe za mchanga zilizogandamana, na baina yake mna vitundu vidogo mno. Chukua tofali kavu la kuchoma, ulipime uzito, ulitie majini usiku kucha, kisha ulipime tena. Uzito ulioongezeka ni wa maji yaliyoingia vitunduni. Katika jabali, maji hayo huyeyusha polepole kile kinachozishikanisha chembe, nalo jiwe humomonyoka. Mvua yenye asidi itokanayo na moshi wa makaa ya mawe huzidisha uharibifu huo.

Mafundi wa kale waliitambua hatari ya maji. Baina ya misokoto ya nywele, nyuma ya masikio, shingoni na katika mikunjo ya vazi walichimba mifereji ya kuyaondoa. Aitazamaye sanamu kutoka mtoni haioni.

Mwaka 1996 sanamu iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwezi Oktoba 2018 wageni walizuiliwa kuikaribia ili wataalamu wakague kifua na tumbo. Ilifunguliwa tena Aprili 2019. Mwezi Agosti 2020 mafuriko yalifika vidoleni mwa miguu yake, yakapungua. Mafuriko huja yakapita. Maji yapenyayo kimya kimya ndiyo yatakayo kuchungwa daima. Mfereji mmoja ukiziba kwa majani na udongo, kazi ya miaka 90 imo hatarini.