Mursik na Sayansi (3): Mkaa wa Senetwet na Gredi ya 10

Tangu wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10 waingie sekondari pevu Januari 2026, wazazi wa Kericho na Bomet wananiuliza kama mtoto aliyechagua mkondo wa sayansi atapata kazi. Nitalijibu swali hilo, ila kwanza tumalizane na kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kuchachushwa.

Mara iliyopita tuliiacha sotet, yaani kibuyu hicho, imeoshwa na kukauka. Sasa mama anachukua kijinga cha moto cha senetwet, ule mti wa maua ya manjano, anakitumbukiza ndani na kukisaga ukutani kwa sosiot, fimbo ya mkindu. Anasaga na kuzungusha mpaka ndani pote pawe peusi na laini, kisha anakung'uta vumbi lililozidi. Hapo ndipo anamimina maziwa yaliyochemshwa yakapoa, anafunika na kuacha siku kadhaa. Bakteria waliobaki kwenye vitundu vya ganda tangu mursik iliyotangulia huigeuza sukari ya maziwa kuwa asidi ya laktiki, na vijidudu vingi vya kuozesha havistahimili uchachu huo. Louis Pasteur aliandika juu ya uchachukaji wa namna hii mwaka 1857. Mama wa Kipsigis hakuwa na darubini, lakini alichagua mti, akapima moto kwa mkono, akarudia hadi ladha ikawa ileile. Kusema mtu huyo hakusoma ni dhuluma, na shule zetu zimeitenda kwa miaka mingi.

Heshima hiyo haizuii maswali. Mwaka 2013 watafiti, wakiwemo madaktari wa Hospitali ya Tenwek, Bomet, walichapisha kwamba walikuta pombe na asetaldehaidi katika mursik, wakauliza kama ndizo zinazochangia saratani ya umio inayotusumbua. Swali hilo linamngoja mtoto anayejua kemia na anayejua pia kijinga kinavyosagwa.

Kazi zipo basi: maabara za maziwa, hospitali, na utafiti wa chai papa hapa Kericho, uliozaa chai ya zambarau TRFK 306.

Walimu wa kemia, muhula huu mwiteni mama mwenye sotet maabarani. Pimeni asidi ya maziwa siku ya kwanza, ya tatu na ya saba, yeye akieleza, wanafunzi wakiandika, na alipwe kama mtaalamu mwingine yeyote.