Mama Aliyejifungua Akianza Kukesha

Mama amejifungua salama Kibimba, wilayani Ngara. Siku ya nne anaanza kukesha, anaongea mfululizo, anamtazama mwanawe kama mtoto wa jirani. Ukoo unakutana: karogwa, ana mashetani, au ni deko la uzazi wa kwanza. Mitaani wanaiita kichaa cha uzazi. Hospitalini ni saikosisi ya baada ya kujifungua. Humpata mama mmoja au wawili katika kila 1,000, mara nyingi ndani ya wiki 2 za mwanzo. Ni dharura kama kutokwa damu. Haisubiri arobaini.

Sonona ni jambo jingine. Hiyo huja polepole, kwa machozi na uchovu usioisha, na katika nchi kama zetu Shirika la Afya Duniani linakadiria humpata karibu mama mmoja kati ya watano. Swali moja la muuguzi wa kliniki ya mtoto husaidia sana: “Mtoto akilala, mama na wewe unalala?” Mama mchovu hulala. Asiyeweza kulala hata akipokewa mtoto anahitaji kuonwa na daktari siku hiyohiyo.

Mahali pa kwanza si hospitali ya magonjwa ya akili. Ni hospitali iliyo karibu: Murgwanza, Rulenge, au ya Biharamulo kwa walio upande huo. Malaria kali, maambukizi ya kizazi na kifafa cha mimba navyo huvuruga akili, na vinaua haraka. Vipimo vya magonjwa hayo vitangulie. Njiani na wodini mama asiachwe peke yake na mtoto, hata dakika chache, hata akionekana ametulia, kwa sababu saikosisi hii hupanda na kushuka ndani ya saa.

Ikihitajika rufaa, kuna hospitali ya Bugando jijini Mwanza, na safari ya kwenda huko imekuwa nyepesi tangu daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025. Mirembe, hospitali ya taifa ya afya ya akili iliyoanza mwaka 1927, iko Dodoma, zaidi ya kilomita 800 kwa kupitia Nyakanazi, Kahama, Nzega na Singida. Hapo ndipo panaponiuma. Safari ndefu hivyo mara nyingi humtenga mama na mtoto: mama anapelekwa, mtoto anabaki kwa bibi na maziwa ya ng’ombe.

Kwa wodi ya wanawake wagonjwa wa akili inayostahili jina hilo, haitoshi kuwa na vitanda na kufuli tu. Uingereza walianza kulaza mama pamoja na mtoto mwaka 1948. Bangalore, India, walifungua wodi maalumu ya namna hiyo mwaka 2009. Muuguzi hukaa kando ya kitanda mama anaponyonyesha, huona mikono inavyomshika mtoto, humpokea mama anapochoka. Dawa huchaguliwa kwa kuangalia maziwa, na mtoto naye hufuatiliwa asije akawa na usingizi kupita kiasi. Haya hayahitaji jengo la fahari. Hospitali ya wilaya ikitenga chumba kimoja, ikamweka muuguzi aliyefundishwa na ndugu wa kike anayelala hapo, mama wengi hawatalazimika kwenda mbali.

Dawa nazo zinahitaji jicho la mwanamke. Valproeti, inayotumiwa kwa kifafa na kwa ugonjwa wa kupanda na kushuka kwa hisia, hudhuru mimba: takriban mtoto mmoja kati ya kumi huzaliwa na kasoro ya mwili, na wengi zaidi huchelewa kukua kiakili. Msichana asianzishiwe bila kuulizwa habari za uzazi. Anayeitumia naye asiache ghafla, amwone daktari. Kabamazepini hupunguza nguvu ya vidonge na vijiti vya uzazi wa mpango. Halopirido, dawa ya saikosisi, inaweza kusimamisha hedhi, na wengi hudhani ni mimba, wakaacha dawa kimyakimya.

Hata Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, kifungu cha 199, inatambua kwamba akili ya mama inaweza kuvurugika kwa ajili ya kujifungua au kunyonyesha, na humtofautisha na muuaji wa kawaida mama aliyeua mwanawe mchanga katika hali hiyo. Lakini sheria huja baada ya msiba.

Mama wengi wenye saikosisi hii hupona kabisa, wakarudi shambani na sokoni. Hatari iko kwenye mimba ijayo: kati ya theluthi na nusu yao huugua tena. Kwa hiyo habari ya ugonjwa huo iandikwe kwenye kadi ya kliniki, mume na mama mkwe waijue, ajifungulie hospitalini, na mpango wa dawa uwe umekubaliwa na daktari kabla ya uchungu kuanza.