Maven Ikupelekee Mzigo Hadi Kwenye Seva

Msimu wa kuwasilisha projekti ukifika, maabara hujaa watu wenye flashi mkononi. Kila kundi lina mtu mmoja anayejua kuhamisha faili la WAR kwenda kwenye seva, na siku akiugua yeye, kundi zima limeugua. Kazi hiyo mimi naona apewe Maven.

Tuchukue Tomcat, ambayo wengi wetu tunaendeshea programu za Java. Ndani yake kuna Manager, inayopokea mzigo mpya bila kuzima seva. Kwenye conf/tomcat-users.xml, sajili mtumiaji mwenye jukumu la manager-script. Wengi huandika manager-gui, kumbe hilo ni la mtu anayebofya kwenye kivinjari, na Maven haibofyi kitu.

Sasa fungua pom.xml, weka plagini ya tomcat7-maven-plugin, toleo la 2.2. Hiyo 7 isikutishe, hata Tomcat 9 inapokea. Ielekeze anwani inayoishia na /manager/text, njia ya programu yako, na jina la seva, tuseme seva-ya-kundi.

Nenosiri je? Hapo ndipo penye noma. Usiliandike kwenye pom.xml, maana faili hilo linakwenda Git pamoja na kazi yote, na hata ukilifuta kesho historia inabaki nalo. Mwenye manager-script anaweza kupandisha programu yoyote anayotaka. Yaani umemkabidhi seva. Liweke kwenye settings.xml, ndani ya folda ya .m2 ya kompyuta yako, chini ya id ileile ya seva-ya-kundi, herufi kwa herufi. Kila mwanakundi awe na lake, ili akiondoka mmoja msihangaike kubadilisha ya wote.

Mara ya kwanza andika mvn tomcat7:deploy, baadaye mvn tomcat7:redeploy. Maven itajenga, itaendesha majaribio, na jaribio likifeli mzigo hauondoki. Hiyo pekee inatosha kunifanya niachane na flashi.

Ukiona 401, jina au nenosiri limekataliwa. 403 ni jingine: umetambulika ila huna jukumu, au unatuma kutoka mbali, kwa kuwa Manager za siku hizi hukubali maombi ya mashine ileile tu. Usikimbilie kufuta kizuizi hicho. Ukiwa hosteli, pitia SSH kwa ssh -L 8080:localhost:8080, ikifuatiwa na akaunti yako ya seva, kisha kwenye pom.xml anwani ianze na http://localhost:8080. Hapo nenosiri halipiti wazi kwenye Wi-Fi ya watu wote.

Na ikisema BUILD SUCCESS halafu kivinjari kikakupa 404, tazama toleo la Tomcat. Kuanzia la 10, javax.servlet imekuwa jakarta.servlet, na servleti zako za zamani hazitambuliwi tena. Badilisha import, au baki na Tomcat 9 mpaka mmalize kuwasilisha.