Samadi Kidogo, Shamba la Kichanga: Usiitawanye

Kila msimu vijana wa Singida na Dodoma mnaniuliza swali lile lile: "Afisa, mbolea nimenunua, nimeweka, mbona mtama bado ni wa njano?"

Mara nyingi tatizo siyo mbolea, ni udongo usioweza kuishika. Kichanga ni kama chekecheo. Mvua kubwa ikinyesha, naitrojeni ya yurea inazama chini ya mizizi, na hela yako inazama nayo. Kinachoshika maji na virutubisho ni mboji, na chanzo chake unacho nyumbani: mbuzi na kuku. Shida ni kwamba samadi yenyewe ni kidogo.

Tupige hesabu. Mtama wa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 una mashimo kama 18,000 kwa ekari. Tuseme una tani 1 ya samadi. Ukiigawa ekari nzima, kila shimo linapata kama gramu 55 tu. Ukiweka gramu 200, inatosha mashimo 5,000, yaani zaidi kidogo ya robo ekari. Basi ihudumie robo hiyo kikamilifu, mwakani uhamie nyingine. Kwingine panda kunde au choroko, hizo zinajitengenezea naitrojeni kwa sehemu kubwa.

Ili samadi isipoteze nguvu:

1. Usiirundike juani. Naitrojeni inapotelea hewani. Weka kivulini, funika kwa majani au turubai.

2. Tandika mabua au pumba bandani yanyonye mkojo. Mkojo una naitrojeni nyingi, na wengi wetu tunauacha upotee ardhini.

3. Usitumie mbichi, hasa ya kuku, inaunguza miche. Iozeshe ukiigeuza mpaka ipoe na harufu kali iishe.

Na mabua usichome! Mbuzi wale, wanayobakiza yawe matandiko, kisha yarudi shambani.

Sisemi uache mbolea ya dukani. Iweke penye samadi, na yurea igawe mara mbili, udongo ukiwa na unyevu.

Kwa hiyo kabla ya kukopa hela ya mbolea, pima samadi yako kwa magunia, hesabu mashimo inayotosha, halafu ndo uende dukani na idadi kamili ya mifuko unayohitaji.