Boti ililala kwenye baridi? Usiwashe injini kabla ya kuangalia haya

MWEZI Mei ukifika katika jimbo la Minnesota, kaskazini mwa Marekani, barafu iliyofunika maziwa kwa miezi kadhaa huwa imeyeyuka, na familia nyingi huanza kuvua maturubai yaliyofunika boti zao. Watoto wamesubiri siku hiyo tangu Oktoba. Mwishoni mwa mwezi kuna sikukuu ya Memorial Day, ambayo kwa wengi ndiyo mwanzo wa kwenda majini, na ahadi ilishatolewa mezani: "Mwaka huu tutakwenda ziwani."

Hapo ndipo haraka inapoweza kuigharimu familia injini nzima, au kuiacha imekwama katikati ya ziwa ambalo maji yake bado ni ya baridi kali.

Kwa mzazi aliyekulia Mwanza, Kigoma au Lamu na sasa analea watoto katika nchi za baridi, tatizo hili ni geni. Anaijua kutu ya maji ya chumvi, anaujua mchanga kwenye pampu na anaijua petroli iliyochakachuliwa. Baridi inayopasua chuma hajaizoea. Naye ndiye anayeweza kuuziwa boti ya mkononi kwa bei ya kuvutia baada ya majira ya baridi, bila kuambiwa ililala vipi.

Kwa nini chuma hupasuka

Maji yakiganda hutanuka kwa takriban asilimia 9. Mtoto aliyewahi kusahau chupa ya kioo iliyojaa maji kwenye friza anajua matokeo yake. Ndani ya injini mambo ni hayohayo, ila chupa yenyewe ni chuma cha kumimina. Chuma hicho ni kigumu lakini hakinyumbuki.

Injini nyingi za petroli zinazokaa ndani ya boti hazina rejeta kama ya gari. Huvuta maji ya ziwa, huyazungusha kwenye bloku ya injini na kwenye mabomba mazito ya kutolea moshi, kisha huyatema nje. Boti ikiegeshwa bila kuyamwaga maji hayo, usiku mmoja wa baridi kali unaweza kutosha kufanya uharibifu.

Injini ya kufunga nyuma ya boti, ile inayojulikana sana katika Ziwa Victoria na pwani ya Afrika Mashariki, ina nafuu. Ikiachwa imesimama wima, maji ya kupozea hutiririka yenyewe. Hatari yake iko chini, kwenye boksi la gia karibu na pangaboi. Mpira wa kuzuia maji ukiwa umechakaa, maji huingia kwenye oili ya gia, na yakiganda boksi linaweza kupasuka.

Wengine hujifariji kwamba vile vifuniko vidogo vya duara vilivyopigiliwa ubavuni mwa bloku vitatoka vyenyewe na kuiokoa injini. Wakati mwingine hutoka kweli. Lakini viliwekwa kuziba matundu ya kiwandani ambayo mchanga wa kumiminia chuma ulitolewa, si kuwa kinga ya barafu. Bloku inaweza kupasuka vikiwa bado mahali pake.

Dalili kabla ya kugusa ufunguo

Hatua ya kwanza ni kufungua waya wa betri, ili pasitokee cheche wala mtu akajaribu stata kwa bahati mbaya. Kisha mwenye boti achukue tochi na kukagua mambo manne.

Kwanza, nje ya injini. Atafute ufa, michirizi mipya ya kutu au rangi iliyobanduka kwa mstari, hasa ubavuni mwa bloku na kwenye mabomba ya moshi.

Pili, oili. Achomoe kijiti cha kupimia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, au ikiwa imepanda juu ya alama kuliko ilivyoachwa, huenda maji yameingia. Injini hiyo isiwashwe.

Tatu, vizibo vya kumwagia maji. Kwa kawaida kipo kimoja kila upande wa bloku, na vingine kwenye mabomba ya moshi. Kikifunguliwa kikatoa kimiminika cha waridi, hiyo ni habari njema, kwa maana aliyeiegesha aliweka dawa ya kuzuia kuganda. Kikitoa maji matupu, injini haikumwagwa na kuna sababu ya kuwa na wasiwasi. Kisipotoa kitu, asifurahi upesi. Achokonoe tundu kwa waya, kwa sababu kutu na tope vinaweza kuziba na kuzuia maji ndani.

Nne, plagi. Akishazitoa zote na kuizungusha injini taratibu kwa mkono, maji yakitoka kwenye matundu yake, yamefika ndani ya silinda. Maji hayashindiliki kama hewa, na kuwasha injini katika hali hiyo kunaweza kupinda vyuma vya ndani.

Hata yote manne yakiwa safi, ufa unaweza kujificha ndani usikoonekana. Kwa boti yenye historia isiyojulikana, ni busara kumlipa fundi wa injini za boti apime presha. Hufunga njia za maji na kusukuma hewa. Presha ikishuka, kuna mahali inakovujia. Anayenunua boti ya mkononi afanye kipimo hiki kabla ya kutoa pesa, pamoja na kudai risiti ya fundi aliyeiandaa kwa baridi.

Kuwasha mara ya kwanza

Jaribio la kwanza lifanyike nchi kavu, boti ikiwa juu ya trela na watoto wakiwa mbali na pangaboi. Injini iunganishwe na mpira wa maji wa bustanini kwa kifaa chake maalumu, na maji yafunguliwe kabla ya kuwasha. Pampu ikizunguka bila maji, mpira wake huharibika haraka sana.

Kwa injini ya petroli ya ndani, feni ya kutoa mvuke iwashwe kwa angalau dakika 4 kwanza. Kisha injini ingurume polepole hadi ipate joto, huku mtu mmoja akichungulia ngama, yaani sehemu ya chini ya boti maji yanapokusanyika. Maji yakianza kujaa humo, izimwe. Baada ya kuzima, oili ikaguliwe tena, kwani kuna nyufa zinazojitokeza tu injini ikishapata joto na maji yakishazunguka.

Watoto wangoje safari ya pili

Safari ya kwanza ni ya watu wazima, karibu na ufuko, wakiwa na kasia, simu yenye chaji na majaketi okozi. Mtu akitumbukia kwenye maji ya baridi kali huvuta pumzi ghafla bila kupenda, na hata mwogeleaji hodari anaweza kuzama. Sheria ya serikali kuu ya Marekani humtaka mtoto wa chini ya miaka 13 avae jaketi okozi boti inapotembea, isipokuwa akiwa ndani ya chumba kilichofungwa au chini ya sitaha. Majimbo mengine yana umri wao.

Jambo jingine ni moshi. Bomba la moshi lililopasuka linaweza kuvujisha kaboni monoksidi, hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtoto akilalamika kichwa kinamuuma, kizunguzungu au kichefuchefu, asidhaniwe tu kuwa amelewa mawimbi. Apelekwe kwenye hewa safi, injini izimwe na msaada uitwe.

Ufa ukipatikana

Bomba la moshi peke yake linaweza kubadilishwa. Bloku iliyopasuka ni habari nyingine, na mara nyingi maana yake ni kutafuta injini nyingine. Gundi za chuma zipo, lakini kiraka si kitu cha kubebea watoto. Mkataba wa bima usomwe mapema, kwani baadhi haulipi uharibifu wa kuganda.

Vuli ikirudi, maji yamwagwe na dawa iwekwe. Inayofaa ni ile ya waridi ya propilini glaikoli. Ile ya magari yenye ethilini glaikoli ina ladha tamu na ni sumu kwa watoto na wanyama, hivyo ifungiwe mbali.

Familia nyingine huvitia vizibo vyote kwenye mfuko mmoja na kuufunga pamoja na ufunguo wa boti. Atakayeuchukua ufunguo Mei ijayo hatavisahau.