Migogoro Ndani ya Timu za Miradi (3): Nusu kwa Nusu

Wiki iliyopita tulimzungumzia msimamizi anayemaliza ugomvi kwa amri. Leo tumtazame yule anayependwa zaidi, mpatanishi wa nusu kwa nusu. Wewe unataka siku 10, mwenzako anakupa 6, basi chukua 8 mpeane mikono. Kila mmoja anaondoka na kinyongo chake, na mwezi hauishi kabla hawajarudi na jambo lile lile.

Mary Parker Follett, Mmarekani aliyeandika sana kuhusu uongozi wa kazi, aliipinga tabia hiyo tangu mwaka 1925. Alitoa mfano wa wafugaji wa ushirika wa maziwa walionusurika kusambaratika kwa sababu ya jukwaa la kushushia makopo. Kiwanda kilikuwa kwenye mteremko. Waliotoka juu walidai watangulie kushusha, na waliotoka chini nao wakadai hivyo hivyo. Mabishano yakawa ni nani aanze, mpaka ikapendekezwa jukwaa ligeuzwe ili pande zote mbili zishushe kwa wakati mmoja. Kudai walidai kutangulia. Walichohitaji ni kutosubiri.

Mambo hayo yako kwenye saiti zetu za ujenzi. Fundi umeme hataki lipu ipigwe kabla hajapitisha mabomba ya nyaya. Fundi lipu, anayelipwa kwa mita ya mraba, hawezi kukaa bure. Foremani akiuliza nani mwenye haki, watabishana hadi jioni. Akiuliza kila mmoja anaogopa nini, atasikia kwamba huyu anaogopa kutoboa upya ukuta uliokwisha, na yule vibarua wake kukosa kazi. Basi lipu ianze leo kwenye kuta za nje zisizo na nyaya, kisha ifuate ndani, chumba baada ya chumba, nyuma ya umeme.

Ugumu uko kwenye kulipata jibu la kweli. Kikaoni, mbele ya bosi, mtu husema “hakuna shida”, halafu shida yake anakwenda kuimwaga kijiweni. Ndiyo maana napendelea wasikilizwe mmoja mmoja kabla ya kikao.

Follett mwenyewe alikiri kwamba njia hii ya kutafuta hitaji lililo nyuma ya dai ina mipaka: wanaume wawili wakitaka kumwoa mwanamke mmoja, hakuna mpango utakaowatosheleza wote. Madai ya fedha mara nyingi huwa hivyo, na hapo mkataba ndio husema. Kitabu Chekundu cha mwaka 1999 cha FIDIC, shirikisho la kimataifa la wahandisi washauri, chenye masharti ya mikataba ya ujenzi, kinampa mkandarasi siku 28, tangu alipojua au alipopaswa kujua kilichomkwamisha, awe ametoa notisi. Zikipita, amepoteza nyongeza ya muda na ya malipo. Wapo wanaoziacha zipite kwa kuona haya, eti utamwandikiaje barua mtu mnayeongea naye vizuri? Mwandikie, kisha endeleeni kuongea. Notisi si kesi, na siku hazisimami kwa sababu mnaelewana.